Mishikaki ya Mama na Deni la Shilingi 200



Kila mwaka siku ya mahafali ya madrasa mimi hupangiwa kazi moja tu, nayo ni jiko la mishikaki. Wenzangu husimamia kaswida, wengine hupokea wageni na kupanga majamvi, mimi nakaa nyuma ya ukuta na kipepeo mkononi, macho yamejaa moshi. Silalamiki, maana ni kazi inayoniweka karibu na chakula. Mwaka huu vijana wa darasa la juu walinizunguka wakitaka niwape siri, kwa nini nyama hii hii ya ng'ombe wanayouziwa bucha na mama zao, ikichomwa na mimi inalainika na kunukia vile. Mhariri alikuwa karibu, akasikia, akasema basi iandike. Haya, naiandika. Lakini nawaambieni mapema kwamba siri ni mbili. Moja ni ya papai. Ya pili sijapata kuisimulia mbele ya wanafunzi.

Mimi ni mzaliwa wa Kirumba. Kwa wasomaji wetu walio mbali, Kirumba ni mtaa wa hapa Mwanza ulio kando ya Ziwa Victoria, wenye vitu viwili vinavyojulikana nchi nzima: uwanja wa mpira wa CCM Kirumba na soko la samaki la Mwaloni. Mwalo ni mahali mitumbwi inapopandishwa pwani ya ziwa, na mwalo wetu unapokea dagaa na samaki kutoka visiwani, magunia kwa magunia. Mtoto wa Kirumba anaamka na harufu ya dagaa na analala nayo. Ukitupeleka mahali pasipo na harufu hiyo tunahisi kama kuna kitu kimepotea.

Baba yangu alikuwa mpima mizani wa wakala mmoja aliyekuwa akinunua sangara kwa ajili ya viwanda vya minofu. Minofu ile ilipelekwa Ulaya kwa ndege. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, baada ya kujulikana kwamba wako wavuvi wanaotumia sumu kuvua. Sumu ya watu wachache! Zuio lilikuja kuondolewa baadaye, lakini kwa wakati ule wakala alifunga mizani yake, na Baba akarudi nyumbani asubuhi moja na mapema, akakaa kwenye kigoda uani bila kusema neno. Nilikuwa na umri wa miaka 13. Tulikuwa watoto wanne, na mimi ndiye wa kwanza.

Mama hakusubiri. Aliuza vitenge vyake viwili, akanunua nyama kilo 2, na jioni ya siku ile akaweka jiko kando ya njia itokayo uwanjani. Jiko lenyewe lilikuwa rimu kuukuu ya gari, juu yake wavu wa chuma.

Sasa nije kwenye siri ya kwanza, msije mkachoka.

Ng'ombe wetu wa Usukumani ni ng'ombe wa nundu, anayetembea mbali kutafuta majani na maji. Nyama yake ni tamu lakini ina ukaidi. Tena bucha za kwetu huuza nyama siku ileile iliyochinjwa, haijapumzika, kwa hiyo misuli bado imekaza. Ukiikata ukaipeleka motoni moja kwa moja, utatafuna mpaka taya ziume. Dawa yake ni papai bichi. Ndani ya papai bichi, hasa kwenye ule utomvu mweupe, mna kimeng'enya kinachoitwa papaini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ndicho kinachoifungua nyama. Papai lililoiva halifai, nguvu hiyo imeshapungua. Na papai bichi nalo lina hatari yake: ukizidisha, au ukiiacha nyama humo usiku kucha, asubuhi unakuta uji. Haishiki kijiti, inakuwa kama maini yaliyosagwa. Mama alikuwa akikwaruza papai pamoja na ganda lake, kijiko 1 cha chakula kwa kilo 1 ya nyama, na muda wake ulikuwa kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Hakuwa na saa, adhana ndiyo ilikuwa saa yake.

Kazi ya kukata ilikuwa yangu. Nyama ya paja isiyo na mfupa, vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, ukikata kukinza nyuzi za nyama na siyo kuzifuata. Ukizifuata nyuzi, hata papai halitakusaidia sana.

Kisha viungo. Tangawizi mbichi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, kijiko 1 cha chakula kwa kila kimoja. Bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko 1 cha chai. Pilipili manga kidogo. Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai. Ndimu 1, na asiwadanganye mtu mkaongeza, kwa sababu ukali wa ndimu unaipausha nyama kwa nje kana kwamba imeshaiva na kuikausha ndani. Halafu bizari ya mchuzi, vijiko 2 vya chai, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko wa giligilani, manjano, bizari nyembamba, uwatu na vinginevyo, na imesagwa kwa ajili ya mchuzi, yaani ikae kwenye mafuta na kuiva taratibu. Mshikaki haukai motoni muda huo. Ukiipaka bizari mbichi, nyama inaiva lakini bizari bado ina ladha ya unga, au inaungua kwa nje na uwatu unaleta uchungu. Mama alikuwa akipasha mafuta ya kula vijiko 3 katika kikaango kidogo, anaitia bizari, anaikoroga mpaka harufu ipande, anaiepua haraka na kuiacha ipoe kabisa. Ndipo anaipaka kwenye nyama. Harufu ile ikipita dirishani majirani walijua leo kuna biashara.

Baina ya vipande vya nyama tulitunga kipande kimoja cha nundu, ili mafuta yake yayeyuke na kulainisha wengine. Mafuta yakidondoka mkaani moto unaruka, hivyo mkaa usubiriwe mpaka uvae jivu jeupe, na mchomaji asiende kupiga soga. Vijiti vyetu vilikuwa spoku za baiskeli alizotupa mzee mmoja fundi baiskeli wa mtaani kwetu, tukazisugua kwa mchanga na kuzichemsha. Siku hizi siwashauri. Nilipokuwa mkubwa nilijifunza kwamba spoku nyingi hupakwa zinki au kromu, vitu ambavyo si vya kuweka kwenye moto wa chakula. Tumieni vijiti vya mianzi, mviloweke kwenye maji kwanza visiungue.

Kuhusu jina, baadhi ya watu wa Unguja husema mshakiki, na kule Omani huitwa mishkak, huuzwa jioni kando ya barabara na kuliwa sana siku za Iddi. Hapa kwetu jina limepanda mpaka kwenye pikipiki: watu watatu wakipanda bodaboda moja tunasema wamepakiwa mishikaki. Na hilo wanafunzi wangu mnalifanya kila siku mkitoka shule, nawaona.

Tuendelee. Kilo moja ilitoa mishikaki 16, mmoja tuliuza shilingi 100. Nyama kilo ilikuwa shilingi 1,000. Hesabu yake mtaifanya wenyewe, mkikumbuka kutoa mkaa, ndimu na pilipili. Faida ilikuwa ndogo lakini ilituvusha. Mama alikuwa mkali kwenye mambo mawili: bucha alilonunua ni lile analojua nani kachinja, na nyama ya leo iliwe leo. Jokofu hatukuwa nalo. Ikibaki, ilichomwa usiku uleule, tukala sisi na majirani.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, Novemba ya mwaka uleule wa 1999. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanjani, na Mama kwa kutegemea watu akanunua kilo 6. Hajapata kununua nyingi hivyo. Baada ya alasiri mvua ya vuli ikashuka kutoka ziwani, mvua yenye upepo, ikazima jiko na kutawanya watu. Tuliuza kiasi cha kilo 2 tu. Tukarudi nyumbani tumelowa, na sufuria ya kilo 4 ikiwa imefunikwa kanga.

Usiku ule ikaja habari kwamba mama mdogo amezidiwa, Mama aende akamuuguze. Alipokuwa anafunga mtandio mlangoni aliniambia, "Mwanangu, washa jiko uchome yote usiku huu. Wape majirani, usibakize." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Baba alikuwa ameshalala.

Sikuwasha jiko. Nilikaa nikiangalia ile sufuria nikapiga hesabu: kilo 4, shilingi 4,000 za mtaji, mishikaki 64, shilingi 6,400. Kesho mtaji utatoka wapi? Sare yangu ya shule ilikuwa imechanika magotini, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Nikaona ninachofanya ni kumsaidia Mama. Nikafunika sufuria kwa kitambaa kibichi, nikaiweka juu ya sakafu ya simenti mahali penye ubaridi, nikalala.

Siku ya pili nilipotoka shule niliifunua. Haikuwa harufu mbaya ya kukimbiza mtu. Ilikuwa harufu iliyobadilika tu, chachu kidogo kama maziwa ya jana. Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kuacha. Badala yake nilikwenda dukani kuchukua siki kwa mkopo, nikaisuuza nyama, nikakamua ndimu 3, nikatwanga tangawizi nyingi na kumimina bizari karibu mara mbili ya kawaida. Nikanusa. Harufu imekwisha! Nilijiona fundi.

Wanafunzi wangu, lishikeni hili kwa sababu ni la afya zenu: viungo vinaficha harufu lakini haviui kilichomo. Na moto nao, hata ukichoma mpaka nyama ikauke, ziko sumu zilizoachwa na vijidudu ambazo haziondoki kwa kuchomwa. Mimi wakati ule sikuyajua. Lakini nilijua kwamba ninaficha, na kujua huko kulitosha.

Baada ya alasiri niliweka jiko peke yangu. Waliokuja kununua nawakumbuka wote. Vijana wawili wapakuaji wa Mwaloni, miwili miwili. Mama mmoja muuza nyanya, mitatu. Yule mzee fundi baiskeli, miwili. Na mwanamume mmoja mgeni, mrefu, amebeba karabai mpya kwenye boksi lake, ile taa ya kuvulia dagaa. Alikuwa anawahi boti ya kwenda kisiwani Goziba. Akala mmoja amesimama, akasema, "Umeungwa vizuri huu, kijana," akachukua wa pili akaufunga kwenye gazeti kwa ajili ya safari. Akanipa shilingi 200, akanipa na dua. Mishikaki 11, shilingi 1,100.

Mama alitokea wakati jua linazama. Nilifurahi kumwona, nikamwonyesha pesa. Hakuziangalia. Aliangalia rangi ya nyama, akachukua mshikaki mbichi, akanusa, kisha akasugua kipande kimoja kwa kidole gumba na cha shahada. Akarudia. Nyama iliyoanza kuharibika ina utelezi, na ule utelezi hauondoki kwa siki wala kwa bizari. Pua yake niliidanganya, vidole sikuviweza.

"Hii ya jana," akasema. Hakuuliza.

Nikanyamaza.

"Umeuza mingapi?"

"Kumi na mmoja, Mama."

Aliuzima mkaa kwa maji. Nyama yote tukaifukia shimoni, akamwagia majivu ili mbwa wasifukue. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliniambia, "Chukua pesa zao, twende." Tukaswali magharibi, tukatoka.

Vijana wa Mwaloni walicheka, wakapokea pesa na kutuambia matumbo yao yamezoea. Mzee fundi baiskeli alikataa kabisa kupokea, akasema yeye amekula dagaa wa jua miaka 30, mshikaki hauwezi kumfanya kitu. Mama akaziweka zile shilingi 200 juu ya kiti chake tukaondoka. Kwa yule mama muuza nyanya hatukukuta kicheko. Mishikaki miwili alikuwa amempa mwanawe wa miaka mitano, naye alikuwa ameanza kutapika.

Sitaueleza sana usiku ule. Mama alikaa pale mpaka karibu na alfajiri, akimnywesha mtoto maji yaliyochemshwa, ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mimi nilikaa kizingitini. Kila mtoto alipotapika nilisikia ndani, na hakuna aliyenifukuza wala kunisemesha. Alfajiri mtoto alilala usingizi, kufika adhuhuri aliomba uji. Alhamdulillah. Yule mama alizipokea shilingi zake 300, akaniangalia kwa muda, akasema, "Nilinunua kwako kwa sababu wewe ni mtoto wa chuo." Mtoto wa chuo, yaani wa madrasa. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya kushona.

Wiki ileile, kama kwamba ustadhi wetu ameambiwa (na hakuwa ameambiwa), alitusomesha hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita kwa muuza chakula sokoni. Aliingiza mkono ndani ya lile fungu, na vidole vyake vikatoka na unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa mbona hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha ikaja ile kauli nzito juu ya mwenye kughushi ambayo nyote mnaijua. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi niliishia kwenye neno mvua, kalamu ikakataa kwenda.

Akabaki yule mtu wa karabai. Kwa mwezi mzima, baada ya alasiri, nilikwenda Mwaloni kuuliza kwenye boti za Goziba. Baba, ambaye hakuwa ametoka nyumbani siku nyingi, aliamka akafuatana nami, kwa sababu mabaharia wengi alifahamiana nao tangu enzi za mizani. Aliwauliza kwa utaratibu, mtu mrefu, karabai mpya, kapanda jioni ile. Wakajibu kwamba kila mtu anayekwenda Goziba ni mrefu na ana karabai. Hatukujua hata kama alifika salama na tumbo lake, au kama ule wa pili aliufungua njiani akampa mwenziwe. Katika kuzunguka kule Baba alipata kazi ya kupima dagaa, na akaendelea nayo miaka mingi. Hilo nalo nalieleza kama lilivyotokea, sijui niliweke wapi.

Mwisho Baba aliniambia zile shilingi 200 nizitoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, nikiwa na nia kwamba siku akitokea nitamlipa za kwake. Nikazitia kwenye sanduku la msikiti siku ya Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani. Mama alirudi kwenye jiko lake baada ya Iddi, kwa kilo 1 ya mtaji wa kukopa, na akaniacha nikate nyama kama kawaida, isipokuwa kila siku kabla ya kuweka viungo aliishika yeye mwenyewe, kipande kwa kipande.

Sasa mnajua kwa nini siku ya mahafali ninyi mnasimama na mabakuli ya viungo tayari, na mimi bado nasugua vipande vya nyama kwa vidole kama mtu anayehesabu tasbihi. Mmoja wenu mwaka huu alinung'unika kwamba nachelewesha.

Na nikikutana na mtu wa Goziba mwenye umri wa kutosha, humuuliza kama aliwahi kununua karabai Mwanza mwezi wa Novemba mwaka 1999. Wengi hunicheka. Siku hizi huko wanavulia taa za betri na za sola, na karabai vijana hawaijui hata kwa sura. Mzee mmoja mwaka jana alifikiri kwa muda mrefu sana kabla ya kujibu, nikaingiza mkono mfukoni. Kumbe alikuwa anajaribu kukumbuka bei ya mafuta ya taa.